Mwalimu Agatha Sempele na Mama Ndoo Wake

Tarehe 30 Juni mwaka huu Mwalimu Agatha Sempele anastaafu, baada ya miaka thelathini na moja katika karakana ya mifano ya majengo ya chuo chetu cha usanifu hapa Mikumi. Mwanafunzi ambaye hakuwahi kujikata kidole kwa kisu cha maboksi mbele yake, huyo alikuwa mtoro.

Alikuja kutoka Malolo akiwa fundi seremala, akafundisha vijana kujenga nyumba ndogo za maboksi kabla hawajagusa tofali. Kisha zikaja kompyuta. Uongozi ukaona karakana haina kazi tena: kama nyumba inaonekana kwenye kioo cha kompyuta, gundi ya nini? Wengine tungenung'unika kwenye chai. Yeye alijiandikisha katika darasa langu mimi Valentino, la kuchora kwa kompyuta, akakaa dawati moja na vijana aliowafundisha asubuhi. Kipindi kilichelewa kuanza kila siku, maana darasa zima lilimwamkia shikamoo mwanafunzi mwenzao, naye aliitikia marahaba kwa kila mmoja.

Ramani yake ya kwanza, loh! Alikosea tarakimu moja, mlango ukapita paa. Tulicheka mpaka machozi. Yeye akaenda karakana, akaijenga nyumba ile kwa maboksi vilevile ilivyo, akatuwekea mezani na kutangaza kwamba twiga wa mbugani wamepata pa kulala. Kesho yake akaja na mwanasesere wa mti, mwanamke mwenye ndoo kichwani, amechongwa kwa kipimo kilekile cha nyumba zetu. Tukamwita Mama Ndoo. Ikawa sheria: hakuna ramani inayokubaliwa mpaka ijengwe kwa maboksi, na Mama Ndoo apite milango yote bila kuinama.

Siku kamati ilipokuja kuamua hatima ya karakana, Mwalimu Agatha na wanafunzi wenzake, Irine na Goodhope, walionyesha ramani ya jiko la shule ya Tindiga pamoja na mfano wake wa maboksi. Kwenye kioo lilipendeza, kamati ikapiga makofi. Akamtoa Mama Ndoo. Ndoo ikagonga linta, ile boriti ya juu ya mlango! Kwa kuogopa mafuriko walikuwa wameinua sakafu, wakasahau kuinua na linta. Hata mimi mwalimu wao sikuona. Irine alijifunika uso, na mimi nilijua karakana imekwisha.

Mwalimu Agatha alicheka. Aliomba kisu, akainua linta ya boksi mbele ya wageni, kisha akaketi kwenye kompyuta akarekebisha ramani mwenyewe, kidole kimoja kimoja, huku kamati nzima imesimama nyuma yake. Mama Ndoo akapita. Kamati ikaona kwamba kosa lililojificha kwenye kioo limefichuliwa na maboksi; karakana haikufungwa, na leo wapishi wa Tindiga wanaingia jikoni na ndoo zao kichwani. Tunajivunia mno.

Mwalimu, asante kwa kukubali kuwa mwanafunzi wakati ungeweza kukaa na kununa. Mungu akupe pumziko lenye afya na wajukuu wasiogusa gundi yako. Mbele yako leo ipo nyumba ya maboksi: ni nyumba yako ya Malolo, vijana wameichora kwenye kompyuta na kuijenga kwa mikono yao. Hakuna aliyethubutu kuipima. Mama Ndoo yuko mfukoni mwako, mtoe, umpitishe. Akikwama, hustaafu.