Dkt. Gordon Okinyi Aloo na Fuvu Aliloliahidi Mara Mbili

Marehemu Dkt. Gordon Okinyi Aloo alizaliwa Dunga, Kisumu, alfajiri ya tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili wa Mzee Aloo, mvuvi, na Mama Apiyo, muuza omena, dagaa wa ziwani. Akiwa mvulana aligongana kichwa kwa kichwa na kakake Griffins wakigombea mpira. Griffins alizirai, yeye alifunga bao, na jioni akachapwa kwa kushangilia. Lakini swali lilikuwa limeshamwingia: mbona vichwa viwili vya mama mmoja havikulingana ugumu?

Alisoma msingi hapa Dunga, sekondari Maseno, na mwaka 1976 akahitimu chuo kikuu Nairobi.

Alifundisha anatomia Nairobi, kisha Chuo Kikuu cha Maseno, hadi alipostaafu mwaka 2019. Utafiti wake ulikuwa unene wa mfupa wa fuvu. Aliwaeleza wanafunzi kwamba baadhi ya watu wa kale sana walikuwa na mafuvu manene kuliko yetu, na kwamba hata leo majirani wawili hutofautiana, bila akili kuhusika hata kidogo. Kwa nini mageuzi yakatupunguzia mfupa? Wapo wanaotaja mapigo, wapo wanaotaja kutafuna. "Mimi bado sijui," alikuwa akisema, na alisema hivyo kwa raha kama mtu aliyebakiziwa minofu.

Tarehe 19 Desemba 1981 alimwoa Dorca Nakhumicha katika kanisa la Kianglikana, Kisumu. Waliishi kwa utani mwingi na ugomvi mmoja tu wa maana. Baada ya kustaafu, Daktari aliwaahidi wanafunzi wake kwamba akifa, fuvu lake libaki maabara. Wazee wa ukoo walishtuka, maana mtu hurudi nyumbani akiwa kamili. Mama Dorca naye alisema mezani, mbele ya wageni:

"Mzee, nikizika mwili bila kichwa, hawa watoto watalia wakiangalia wapi? Hiyo research itafute kichwa ingine."

Daktari alikuwa ameshatoa neno lake, na kwake ahadi ilikuwa deni. Jambo hilo lilimsumbua kwa miaka, na hakulificha.

Februari 2025 alipata kiharusi, akapigwa picha ya kichwa, ile inayoonyesha hadi mfupa. Daktari Okello, mwanafunzi wake wa zamani, alimletea picha hiyo kitandani kwenye kompyuta. Mgonjwa alidai miwani. Akapima mwenyewe, nyuma, mbele, penye kipaji cha uso, akacheka hadi muuguzi akaja mbio.

"Okello, wapelekee vijana hii picha, ni yao," alisema. "Mfupa wenyewe nimempa Dorca."

Mama Dorca alilia, kisha akamtengenezea uji.

Daktari alituacha kwa utulivu tarehe 6 Septemba 2025, Mama Dorca akiwa amemshika mkono. Ameacha mjane, Mama Dorca, watoto Caren, Frankline na Ajwang, wajukuu saba, na kakake, Mzee Griffins.

Leo amerudi Dunga akiwa kamili, hana deni kwa mtu. Apumzike kwa amani ya Bwana, karibu na nyumba ya Dorca.