Mtoto Aliyekataa Kusukwa

Wapendwa, nashukuru kukaribishwa hapa Mkolani, na mwenye nyumba asante kwa kufunga mlango. Nikilia msininyamazishe. Mimi ni msusi, nimezoea kuongea mikono ikiwa kazini.

Mimi na mwenzangu tulitaka mtoto. Tuasili pamoja, wanawake wawili? Nani angetukubalia! Rafiki yetu mmoja wa kiume akakubali kutusaidia, mwenzangu akabeba mimba. Kule Mabatini tulikoishi, majirani wakamwita yeye mama, mimi mama mdogo. Tukacheka tu. Ndugu zangu, nawaambia, halikuwa jambo la kuchekea.

Binti yetu ameanza chekechea, mwenzangu akaugua, akafa. Tulimzika kwao Nansio, kisiwani. Msibani nilipika na kuosha vyombo kama rafiki wa marehemu. Baada ya mazishi nikambeba mtoto turudi nyumbani. Mjomba wake akamtoa mikononi mwangu.

"Dada, asante kwa msaada. Mtoto ana kwao."

Nilipanda meli peke yangu.

Nikafunga saluni. Sikula, sikuoga. Kuna wawili humu walikuwa wananiletea uji, nikawafukuza, wakarudi. Msiangalie chini, ni ninyi.

Siku moja bibi yake mtoto, mama mzazi wa marehemu, akanipigia simu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia kwa mbali.

"Mtoto hataki kusukwa," akasema. "Nikishika kitana anapiga kelele, eti anayemsuka ni mama. Nikamwambia, mjukuu wangu, mama tumemzika. Akasema siyo huyo, yule mwingine." Akashusha sauti. "Mwanangu, niambie ukweli. Wewe ni nani?"

Nikamwambia.

"Njoo umsuke mwanao," akasema. "Wajomba niachie mimi."

Sikurudishiwa mtoto, jamani. Anaishi huko huko, mimi naenda kumwona, na moyo unauma kila safari. Ila saluni nimefungua, na ninakula.

Asanteni wenye uji. Asante mama yangu wa Nansio. Na ninyi mnaotafuta mtoto, mtafuteni mapema mtu mmoja wa ukweni mnayemwamini, ajue kwamba mtoto ana mama wawili. Sisi tulichelewa.

Kichwa kile kidogo naweza kukimaliza upesi sana. Lakini nagawa mistari midogo midogo, maana nikimaliza ni kupanda meli. Safari iliyopita alijishika nywele, akaona nimefika mwisho.

"Mama," akaniambia, "fumua, uanze tena."