Hakuwa Bi Asumini

Mama yetu tunayemzika leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa mchonga mawe na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya machimbo. Jina lake limechapwa kwa herufi kubwa kwenye jalada la programu hii ya mazishi. Nilisimama mbele ya mchapaji mpaka likatoka sawasawa, kwa sababu mara ya kwanza aliandika "Bi Asumini." Nilipomuuliza nani kamwambia, alijibu, "Mama, si ndiye huyo? Mtaa mzima unamjua hivyo."

Mtaa mzima haumjui. Ndiyo maana naandika na kusoma mimi, binti yake wa kwanza, ingawa kalamu si kazi yangu, na ingawa shangazi amenionya tangu jana: "Mwanangu, msibani watu husema mema." Nitasema mema, shangazi. Nitasema na mengine.

Jina alilopewa lilikuwa la bibi mzaa baba yake. Ni jina zito, la kizamani, na wenzake shuleni walimcheka kwamba amezaliwa na mvi. Alisoma mpaka darasa la saba katika shule iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza mwaka 1966. Baba yake alitaka akae nyumbani alee wadogo zake. Yeye akaomba ruhusa ya kwenda kufua mashuka kwenye zahanati, na hapo kwenye mabeseni ndipo muuguzi mkuu wa wakati ule alipomwona kuwa ana mikono isiyotetemeka. Mwaka 1970 alipelekwa chuo cha wakunga. Alirudi na cheti na viatu vyeupe vilivyombana vidole.

Alianza kazi katika zahanati ya mtaa wetu tarehe 3 Januari 1973. Wodi ya wazazi ilikuwa chumba kimoja, na dirisha lake lilitazama mtaro wa maji machafu. Uvundo uliwatapisha wazazi kabla uchungu haujawafikia. Marehemu akaenda kwa baba yake, akachimbua shina la mwasumini, akalipanda chini ya dirisha lile. Likashika, likapanda mpaka likashikilia nondo.

Sasa hapa sikilizeni vizuri, maana pamesimuliwa uongo mwingi. Siku hizo watoto wachanga hawakufungwa utepe wa jina mkononi. Kila mmoja alifungwa shuka jeupe la zahanati, na ndugu waliokuja kutazama waliwafunua hovyo kwenye baridi wapate kujua kama ni wa kike au wa kiume. Marehemu hakupenda. Akaanza kuchomeka kijitawi cha asumini kwenye mkunjo wa shuka la kila mtoto wa kike. Wa kiume hakuwekewa kitu. "Hao wana chao," alisema, na wazazi wakacheka huku wameshika matumbo yao.

Karani wa vizazi alipopita kitandani kuuliza jina la mtoto, mama aliyekuwa hajajiandaa, au aliyekuwa anavutwa huku na huku na wakwe, alitazama shuka, akanusa, akasema, "Asumini." Ni hivyo tu. Jina halikutoka redioni. Halikutoka kwa yule mtangazaji anayejigamba kwamba alilianzisha yeye kwa binti yake, wala halikutoka kwenye sabuni yenye jina hilo. Lilitoka kwenye mkunjo wa shuka, kwa mkono wa mwanamke aliye ndani ya sanduku hili.

Nalo likapendwa, na jina lenyewe halina kosa. Ni jepesi mdomoni, halimkwazi mkwe wa upande wowote, na mtoto mwenye jina hilo hata akivunja sahani huitwa kwa sauti laini. Mwalimu wa darasa la pili wa binti yangu alituambia kwamba akiita "Asumini!" dawati zima linasimama. Akalazimika kuwagawa: Asumini Pengo, Asumini wa Kinyozi, Asumini Kelele, na Asumini Mwenyewe. Huyo wa mwisho kila alipoulizwa "Asumini yupi?" alijibu, "Mimi mwenyewe." Marehemu aliisikia hadithi hiyo akacheka mpaka akaomba maji.

Lakini katika wazazi wote hao hakuna aliyemuuliza yeye anaitwa nani. Alikuwa Dada, akawa Mama, akawa Bibi. Mwishowe watu waliutazama mti wake wakaanza kumwita Bi Asumini, na kwa upole wake akaitika. Upole wake ndio uliotuponza.

Alifunga ndoa na baba yetu, fundi baiskeli, tarehe 9 Agosti 1974, wakajaliwa watoto watatu. Baba hakujua kubembeleza, ila alikuwa na jambo moja: alimwita mkewe kwa jina lake lote, kwa sauti kubwa, kutoka kibandani kwake, hata kama alichotaka ni chai tu. Wapita njia walidhani nyumba inaungua. Marehemu alikuwa akinung'unika, "Huyu mwanamume atanitangaza mpaka lini?" lakini miguu ilishaondoka kumpelekea chai. Baba alifariki tarehe 22 Mei 2008. Tangu hapo jina lile sikulisikia tena likiitwa.

Alistaafu mwaka 2011. Mwaka uliofuata msimamizi mpya wa zahanati aliung'oa mwasumini apate pa kuegesha gari lake. Marehemu alikwenda kuomba walau shina. Akajibiwa, "Bibi, hapa ni zahanati, si bustani." Gari liko pale mpaka leo. Na msimamizi huyo huyo ametuletea shada la maua ya plastiki lenye utepe ulioandikwa "Pumzika Bi Asumini." Hakumjua hata jina, kamng'olea mti, kisha kamzika kwa jina la mti. Shada hilo nimeliondoa. Anayelitafuta ataliona nyuma ya choo.

Mwaka jana moyo wa marehemu ulianza kuchoka. Miguu ilivimba, akawa analala ameketi. Asubuhi ya tarehe 6 mwezi huu pumzi zilimbana, tukampeleka hospitali kubwa, mimi na binti yangu ambaye ujauzito wake ulikuwa umetimia. Tukakalishwa kwenye benchi la korido. Mimi ni mtu wa kutazama, siwezi kujizuia. Niliitazama midomo ya mama ikibadilika rangi. Niliitazama mitungi ya oksijeni imepangwa nyuma ya mlango wa kioo. Nilimtazama muuguzi akipita, akirudi, akipita tena.

"Dada, mama hapumui vizuri."

"Hapa kila mtu anaumwa, mama. Fuateni foleni."

Nikamfuata tena.

"Mbona unaniandama kama kivuli? Kaa chini!"

Kifuani alikuwa na kibao cha jina. Asumini. Nikamuuliza amezaliwa wapi. Akaitaja zahanati yetu, akashangaa, "Kwani vipi?" Mama akanivuta mkono.

"Mwache."

"Mama, huyu ni wako!"

"Najua. Masikio hayo ni ya mama yake. Mwache, ana kazi."

Kisha akaweka kiganja kwenye tumbo la binti yangu, akasema kwa pumzi za kuokoteza, "Akiwa wa kike, msinipe Asumini mwingine. Hao nilio nao hawanijui." Akacheka. Binti yangu naye akacheka, kwa kuwa hakujua afanye nini. Mimi sikucheka.

Aliingizwa ndani alasiri. Alifariki jioni ile ile, akiwa na umri wa miaka sabini na nne, kabla daktari hajafika kitandani kwake.

Muuguzi yule yupo hapa leo. Simtaji kwa kumwaibisha, maana alikuja mwenyewe nyumbani, baada ya mama yake kumwambia ni nani aliyempokea duniani. Alipiga magoti mlangoni akalia. "Mama, nisamehe, sikujua kuwa ni yeye." Watu wakaniambia basi, yaishe. Lakini maneno hayo ndiyo yanayonichoma kuliko yote. Hukujua kuwa ni yeye. Na asingekuwa yeye, je? Angekuwa bibi wa watu wengine, aliyeuza mkaa maisha yake yote na hakumzalisha mtu, basi ilikuwa halali akae kwenye benchi midomo ikibadilika rangi huku mitungi tunaiona? Mama yangu hakumuuliza mzazi yeyote ni binti wa nani kabla ya kunawa mikono. Hilo ndilo mngemrithi. Ninyi mmerithi harufu.

Binti yangu alijifungua mtoto wa kike tarehe 9, tukiwa tumekwishatandika mikeka ya msiba. Tangu siku hiyo kila anayeingia kutupa pole ananishika bega: "Mpeni Asumini, bibi yake atafurahi." Majirani, walimu, hata shangazi. Nimechoka kuwajibu mmoja mmoja, kwa hiyo nawajibu hapa mbele ya kaburi. Mtoto amepewa jina lililo kwenye jalada. Lote, na uzito wake, na mvi zake. Wakimcheka shuleni, watakuwa angalau wamelitamka.

Marehemu ameacha watoto watatu, wajukuu saba na kitukuu mmoja. Ameacha pia Asumini wengi, ambao wengine nawaona wamesimama pale nyuma. Ninyi sogeeni mbele. Mkono wake uliwashika kabla ya wa mama zenu. Basi mchanga mtie ninyi kwanza. Wewe uliyekuja na kitambulisho cha hospitali mfukoni, nawe sogea.

Na mtoto akilia wakati tunafukia, msimnyamazishe. Mwiteni kwa jina lake, kwa sauti, kama fundi baiskeli alivyoliita kutoka kibandani. Mama akilisikia atapumzika kwa amani. Mimi, amani bado.