Mabega Waliyoyaita Adabu

Kina mama, mabinti, na nyie kina baba wachache mliojikaza mkaja: Wakristo wenzangu Yesu asifiwe, Waislamu asalaam alaikum, na yeyote anayeteswa na joto la ukumbi huu, pole sana. Nimeombwa niseme ya kwangu. Wengi mnanijua kama msusi wa hapa Nsemulwa, Mpanda, vichwa vyenu nimevishika. Leo naomba tuache nywele, tuzungumze mabega.

Nimezaliwa Karema, ziwani. Kwetu mtoto wa kike anajua kuogelea kabla ugali wake haujaacha kuwa na madonge. Hakuna anayefundishwa, unaenda kufua na wenzako, mkimaliza mnaingia majini. Nilipokuwa sekondari akaletwa mwalimu wa michezo, mama mmoja mchangamfu. Alitukuta tunakimbizana majini akasema hawa wanapoteza kipaji bure. Akaanzisha timu ya wasichana. Alikuwa anaomba maboya kwa wavuvi, anayafunga mbali kidogo na ufukwe, mnashindana kutoka moja hadi jingine. Tuliogelea kwa fulana na taiti. Vazi lingine wazazi wetu wasingelitaka, na mimi wala nisingelivaa.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Sisi tulikuwa tunaogelea kifudifudi tu, kwa sababu ndiyo ina kasi. Mkono unapeleka mbele, unavuta maji, unapeleka mwingine, unavuta. Asubuhi kabla ya shule, jioni tena. Kifua kikawa kigumu, mikono ikapata nguvu, nikawashinda wasichana wote wa shule za mwambao. Mwalimu akaniambia nikiendelea hivi nitaingia timu ya mkoa. Nyie, nilikuwa silali kwa kuiwaza hiyo timu! Sikuwa mzuri darasani, sikuwa na sauti ya kwaya. Maji ndiyo yalikuwa yangu.

Basi mwaka huohuo matiti yakaanza kuota. Mabinti msicheke, mnajua ninachosema. Fulana ikilowa inashika mwili, na pale ufukweni wanaume wamekaa wanashona nyavu. Nikitoka majini navuta mabega mbele ili kifua kijifiche. Mwanzo nilikuwa nafanya ufukweni tu. Baadaye nikajikuta niko hivyo darasani, kanisani, hata nikitwanga. Mwili ukazoea.

Na nyumbani ikawa sifa! Kwetu binti akimsalimia mkubwa anapiga magoti, na mimi nikipiga magoti na yale mabega yangu naonekana nimejikunja kabisa, macho chini. Nina shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ambaye neno lake pale nyumbani ndiyo la mwisho. Wageni wakija ananiita niwasalimie, halafu anawaambia, "Mwoneni huyu. Shule anasoma, maji anacheza, lakini adabu haijamtoka. Angalieni anavyoinama." Wageni wanatikisa kichwa kukubali. Mama anafurahi. Na mimi nafurahi, kwa nini nidanganye? Nani hapendi kusifiwa na shangazi?

Maumivu yakaja polepole. Kwanza shingo, halafu katikati ya mgongo, halafu bega la kulia. Mama akawa ananichua kwa mawese ya moto. Alikuwa anasema ni baridi ya maji. Mwalimu naye akasema misuli inakomaa, itaacha. Hawakuwa wabaya. Kila mtu alisema alichokuwa anakijua.

Ikafika siku ya kuchagua timu ya mkoa. Tulikuwa wengi, walikuja mpaka wa shule za mbali. Nilianza vizuri, nikaongoza. Nilipogeuka kwenye boya nirudi, mkono wa kulia ukagoma. Siyo kuuma tu, ulikataa kupanda. Nikanywa maji. Nikaogopa, nawaambia kweli, niliogopa kufa mbele ya watu wa kijijini kwangu. Nikajigeuza chali, nikawa napiga miguu tu huku naangalia mawingu, mpaka wavuvi wakaja na mtumbwi wakanitoa. Wenzangu walikuwa wameshamaliza. Nililia siku hiyo mpaka nikawachosha watu.

Mwalimu akanileta hapa Mpanda hospitali. Tukapelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mmoja mpole lakini siyo wa kucheka ovyo. Akaniambia, "Simama, egemea ukuta." Kisogo changu hakikugusa ukuta, mabega ndiyo kabisa. Akajaribu kuyasukuma taratibu, nikapiga kelele.

Akanieleza kwa lugha nyepesi. Alisema kuogelea hakuna ubaya, ila mimi nilikuwa natumia misuli ya mbele tu. Misuli ya kifuani imepata nguvu ikajikaza, inavuta mabega mbele, na ya mgongoni imelegea haiwezi kuyarudisha. Na mimi nilikuwa kwenye umri wa kurefuka, mifupa inakimbia, mwili unakaa jinsi unavyouweka. Halafu akaniuliza, "Huwa unaficha kifua?" Nikaitikia kwa kichwa. Akasema, "Hata mimi nilificha." Hapo ndipo nilipomwamini, nikamweleza na sifa ninazopewa nyumbani kwa kuinama.

Akanipa mazoezi. Kulala chali juu ya kitenge kilichokunjwa, kimelazwa kufuata uti wa mgongo, mikono nimeifungua. Kufunga tyubu ya baiskeli kwenye nguzo na kuvuta viwiko nyuma. Kusimama mlangoni, mikono kwenye fremu, kifua mbele. Na akasema nisirudi kwenye mashindano mpaka aniruhusu, na nikirudi niogelee na chali pia.

Nikarudi Karema nikaanza. Baada ya muda mabega yakaanza kufunguka, maumivu yakapungua. Ndugu zangu, hapo ndipo kesi ilipoanza! Watu wakasema tangu nimefika Mpanda nimeota pembe. "Siku hizi binti yenu kifua kinatangulia." "Anatembea kama anamtafuta mtu." Shangazi akasikia. Akaja nyumbani na kanga zake mbili, akaniita. Nikapiga magoti, nikamwamkia, lakini mgongo wima kama nilivyofundishwa.  Akamwambia mama, "Wifi, huyu amekuharibikia. Hiyo tyubu itolewe, na majini asiingie tena. Nitamtafutia wachumba gani mwanamke asiyejua kuinama?"

Mama akaifungua tyubu.  Nikarudisha mabega mbele, na sifa zikarudi. Na maumivu yakarudi pia, safari hii mpaka vidole vinakufa ganzi, kalamu inadondoka darasani.

Tarehe ya kurudi hospitali ilipofika mwalimu hakuwa na nafasi, akanisindikiza mama. Yule dada hakumgombeza. Aliniomba nivue blauzi, akamwambia, "Mama, njoo uweke mikono hapa." Mama akaweka viganja mgongoni kwangu. Hapohapo alipokuwa ananichua kila siku, lakini safari hii akaelekezwa cha kutafuta. Huku mfupa wa bega umekaa, huku umetokeza nje kama mpini wa jembe uliolegea. Akaambiwa abonyeze shingoni, nikaruka. Akauliza, "Amekuwa hivi tangu lini?" Dada akamjibu, "Tangu mlipoanza kumsifia."

Mama alilia.  Tuliposhuka basi Karema hakupita nyumbani, alikwenda moja kwa moja kwa shangazi, na mimi nyuma. Shangazi alikuwa anaanika dagaa. Mama hakukaa. Akasema, "Wifi, tulikosea wote. Huyu mtoto haikuwa adabu. Yalikuwa maumivu, na sisi tunawaita wageni waje kuyaangalia."

Nilidhani shangazi atawaka. Aliendelea kutandaza dagaa, mstari mzima. Halafu akafuta mikono kwenye kanga, akaniambia, "Geuka." Akapitisha mkono mgongoni kwangu juu ya nguo, polepole, akafika pale pabaya akasimama. Akaniambia, "Pole, mama." Ni hilo tu. Lakini kesho yake tyubu ilikuwa kwenye nguzo, na aliyeifunga siyo mama.

Sikuingia timu ya mkoa. Nasema wazi ili msidhani hadithi yangu imeishia na medali. Niliporuhusiwa kushindana nilishika nafasi za katikati, nikamaliza shule. Iliniuma, na bado kuna siku inaniuma. Mpaka leo nikifua mablanketi bega linanikumbusha. Lakini nasuka kutwa nzima nimenyanyua mikono, nakula kwa mikono hii.

Namshukuru yule dada wa hospitali. Namshukuru mwalimu wangu, ambaye sasa wasichana wake wanaogelea chali siku moja na kifudifudi siku nyingine, na wakitoka majini kila mmoja anakuta kanga yake ufukweni ya kujifunga, hana haja ya kujikunja. Namshukuru mama, maana kwenda kumwambia wifi yako kwamba mmekosea siyo kazi ndogo, nyie wenyewe mnajua. Na shangazi namshukuru kwa kuamini mkono wake kuliko maneno ya watu.

Mabinti, ogeleeni, na msimame. Wazazi, magoti tutapiga, hiyo ni mila yetu na mimi naipenda. Ila nawaomba, mkimwona binti amejikunja, ametulia, hainui kichwa, kabla hamjamsifia mwulizeni kama anaumwa.