Mama Chilumba na Swali la Joto

Ifikapo tarehe 31 Oktoba, Bi Skolastika Chilumba atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne katika karakana ya umeme ya kituo chetu cha ufundi hapa Kilwa Masoko, na siku hiyo hiyo atastaafu. Karakana nzima humwita Mama Chilumba, wakiwemo wanaolingana naye umri.

Alikuja mwaka 1991 kutoka Newala kufundisha kusuka upya nyaya za mota za mashine za kusaga. Mota kuzunguka hakukumtosha. Aliweka kiganja juu yake, akauliza joto hilo limetoka wapi. Kwake joto ni umeme uliotoroka, na alitaka kujua umepenyea wapi. Wanafunzi wakaanza kupoza mota kwa vitambaa vya maji kabla hajapita. Aligundua siku ya kwanza tu.

Miaka sita iliyopita tulianza kuunda bajaji ya hidrojeni ya kubebea wagonjwa. Ndani yake zipo seli zinazochanganya hidrojeni na hewa, zikatoa umeme na maji kidogo yanayodondoka nyuma. Lakini volti za seli hizo ni chache, na bajaji ikipanda mlima zinapungua zaidi, ilhali mota inataka volti nyingi zilizotulia. Katikati lazima kiwepo kipandisha volti, na hicho ndicho alichokibuni Mama Chilumba. Cha kwanza kilipoteza sehemu kumi na nne katika kila mia ya umeme. Akagawa kazi ya koili moja kubwa kwa koili tatu ndogo zinazopokezana, akazisuka kwa mkono, upotevu ukashuka hadi sehemu tano. Siku hiyo alitununulia sote mihogo ya nazi, huku akijiuliza zile tano zinakwenda wapi.

Septemba mwaka huu mambo yakaenda mrama. Kila baada ya dakika ishirini barabarani, kinga ya usalama ilikata umeme, na lawama zote zikaangukia kipandisha volti. Uongozi ukaamua kwamba bajaji ikizimika tena katika safari ya majaribio ya Kiranjeranje, mradi unafungwa. Mama Chilumba alikuwa amebakiza wiki tano. Alikifungua mara tatu asione kasoro, na mara ya tatu nilimwona akijifuta macho kwa kitambaa cha grisi. Iliniuma sana.

Asubuhi ya safari hakugusa bisibisi. Alikaa kwenye stuli akatutazama tukiiandaa bajaji, hatua kwa hatua. Mimi nilikuwa najaza maji ya kupozea seli kutoka kisima cha uani, kama siku zote. Akachovya kidole kwenye ndoo, akaonja, akatema.

“Abilahi mwanangu, haya nayo ni maji matamu?”

Nikamwapia kuwa ni matamu, na wenzangu wazaliwa wa Kilwa wakaniunga mkono. Tumeyanywa tangu utotoni. Yeye alilelewa Newala kwa maji ya mvua, na ulimi wake ulisikia chumvi ambayo sisi tulishaizoea. Maji ya chumvi hupitisha umeme, na yakipata moto huzidi. Kupitia maji hayo umeme ulikuwa unavujia kwenye bodi ya bajaji, na kinga ilikata kama ilivyopaswa. Kipandisha volti hakikuwa na kosa lolote.

Tukasafisha mabomba, tukajaza maji ya betri, yasiyo na chumvi. Dereva wetu Naima akaenda Kiranjeranje na kurudi bila kuzimika hata mara moja. Mama Chilumba akaweka kiganja juu ya kipandisha volti. Kilikuwa vuguvugu tu, naye akauliza vuguvugu hilo nalo linatoka wapi.

Katika ripoti aliandika “maji yasiyofaa” bila jina la mtu. Basi jina nalitaja mwenyewe: ni mimi, Abilahi Likwata, ninayeandika haya.

Asante, Mama, kwa kila ulichotuuliza. Tarehe 31 bajaji itakupeleka Nangurukuru kupanda basi la kwenu, nasi tunakuombea afya, utulivu na siku njema nyingi. Maji nitajaza mimi. Ila ndoo nitaiacha mlangoni, na hatuondoki mpaka uonje.