Fundi wa Cherehani na Breki za Baiskeli ya Watu Wawili

Wasifu huu umeandikwa na mke wa marehemu, aliyejifunza kuandika ukubwani. Unasomwa na binti yao.

Marehemu alizaliwa alfajiri ya tarehe 14 Machi 1964, katika nyumba iliyopakana na kiwanda cha nguo. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mama yetu aliyeketi hapa mbele. Miaka sita baadaye akazaliwa mdogo wake, ambaye hakujaliwa kuona, na tangu hapo marehemu alimshika mkono kila mahali.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli na kumaliza darasa la saba mwaka 1978. Hakuvumilia kelele hata kidogo. Siku moja aliupaka mafuta mlango wa darasa uliokuwa ukilia. Mwalimu mkuu akaingia bila kusikika, akakuta watu juu ya madawati, na darasa zima likachapwa. Wenzake walimnunia wiki nzima, lakini jina la Bwana Kimya likamkaa.

Alifundishwa kazi na mjomba wake, na mwaka 1986 akafungua meza yake ya kutengeneza cherehani kwenye ukumbi wa mafundi nguo. Mashine ikilia, alisema ina kiu, akaidondoshea mafuta. Mafundi walimpenda kwa kuwa hakukawiza kazi ya mtu.

Tarehe 2 Septemba 1989 alifunga ndoa na mke wake, ambaye hakuwahi kukaa dawatini. Walijaliwa binti mmoja. Alikuwa mume mpole. Hakuwahi kumpandishia mkewe sauti, na hilo halina ubishi.

Mwaka 2004 mdogo wake alipata kazi ya kupokea simu hospitalini. Marehemu akanunua baiskeli ya watu wawili iliyokwishatumika, yenye breki za diski, ili ampeleke kila asubuhi. Yeye alishika usukani, mdogo wake akakaa nyuma. Majirani waliamshwa na mabishano yao.

"Kaka, leo unakanyaga au umenigeuza punda?"

"Kanyaga, bwana mkubwa. Maneno hayasukumi baiskeli."

Mwezi Julai mwaka 2005 breki zilianza kulia. Jumapili jioni marehemu alizitibu kama alivyozoea kutibu cherehani: alizipaka mafuta diski zote mbili, zile sahani za chuma za magurudumuni. Breki ya diski hushika kwa sababu ni kavu. Ikiguswa na mafuta, pedi zinazoibana diski huyanywa na hazishiki tena. Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 11, wakiwa kwenye mteremko wa hospitali na uzito wa watu wawili, marehemu alibana breki na baiskeli haikupungua mwendo. Waligonga ukuta wa ghala. Marehemu alipoteza meno mawili. Mdogo wake alivunjika kiwiko cha mkono wa kulia, na hakijanyooka hadi leo.

Fundi wa baiskeli alipokuja wodini kusema kwamba diski zimejaa mafuta, mama wa marehemu aliuliza ni nani aliyeishika baiskeli. Mke wa marehemu ndiye aliyekuwa akiiosha.

"Ni huyu," mama akasema. "Kusoma hajui, breki atazijulia wapi?"

"Mama, mimi sikupaka kitu," mke wake akajibu.

Marehemu alitazama miguu yake.

Tangu siku hiyo mke wake aliitwa Mama Mafuta, na hakuruhusiwa kushika chombo katika jiko la mama. Marehemu alilisikia jina hilo kila sikukuu, na kila mara alitoka nje. Pedi zile alizitupa, akaanza kuzihudumia breki yeye mwenyewe kila Jumamosi. Alizifuta diski kwa spiriti na kitambaa safi, wala hakuruhusu kidole kizikaribie. Alipima unene wa pedi. Akiweka mpya, alizunguka uani akibana taratibu, tena na tena, mpaka zizoeane na diski. Juu ya mteremko alisimama kwanza, akajaribu ya mbele na ya nyuma. Na zilipolia kwa vumbi au unyevu, yeye asiyevumilia kelele aliziacha zilie njia nzima. Majirani walimwambia mke wake, "Una bahati, mama. Mwenzako anasafisha makosa yako bila kinyongo."

Aliugua figo kuanzia mwaka 2022. Mwezi Februari uliofuata alimwambia mke wake, "Mama watoto, ni mimi niliyepaka."

"Najua. Nani alifua nguo zako za Jumapili ile?"

"Nisamehe."

"Mwambie mama yako kwanza, ndipo uje kwangu."

Alijaribu. Mama alipokuja kumwona, alianza, "Mama, ile baiskeli..." Mama akamshika mkono. "Pumzika, mwanangu. Yule tulishamsamehe." Marehemu akafumba macho. Mke wake alikuwa amesimama pale na kikombe cha maji. Angeweza kumsaidia kumalizia sentensi ile. Alitoka kwenda kuosha kikombe kilichokuwa safi. Aliporudi, marehemu alikuwa hawezi tena kusema. Alifariki asubuhi ya tarehe 6 Mei 2023.

Mdogo wake alisomewa maneno haya jana. Alisema, "Shemeji, yasomwe. Asubuhi ile nilinusa mafuta mikononi mwake. Miaka yote nimenyamaza, kwa sababu ni kaka yangu."

Marehemu ameacha mama, mdogo wake, mke, binti na wajukuu wawili.

Mke wake alimnyima msamaha mpaka mama atakapoambiwa. Mama sasa ameambiwa. Mke wake amemsamehe, ingawa amechelewa, na anajua kwamba amechelewa. Mungu ampe mume wake usingizi ambao kwa muda mrefu hakuupata.