Cleotha Rainey, Aliyekamatwa kwa Jina Langu

Dada yetu Cleotha Mae Rainey alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 hapa Harlow Bend, Mississippi, binti wa kwanza wa Bwana Amos na Bibi Zelma Tolliver. Mimi, Ernestine, nilimfuata miaka miwili baadaye, na kila gauni nililovaa lilikuwa lake kwanza.

Alihitimu ualimu mwaka 1973, akafundisha darasa la tatu miaka thelathini na sita. Wanangu wakiumwa, walimwita yeye.

Tarehe 14 Juni 1975 alifunga ndoa na Lucius Rainey. Ni mimi niliyemkaribisha Lucius nyumbani kula kambare. Alikula huku akimtazama dada.

Tarehe 22 Mei 2009 polisi wawili walifika kwake na hati ya kunikamata mimi, kwa kutoitikia wito wa mahakama.

"Wewe ndiye Ernestine?"

"Mimi siye, mwanangu. Leseni yangu hii hapa, soma."

"Hatukuja kusoma. Geuka!"

Pingu walizibana hadi kifundo cha mkono kikavunjika. Sijawahi kulisema hili: nilikuwa jikoni kwake, nyuma ya pazia. Aliniona, akanyamaza. Alikaa mahabusu siku mbili, akakosa mahafali ya Delphine, binti yake wa pekee. Mimi sikutoka.

Aliwashtaki polisi wale. Kanisa zima lilimpikia, likavaa fulana zenye picha yake. Mungu anisamehe, nilimwonea wivu hata kwa pingu. Miaka sita baadaye majaji walisema haki yake ilivunjwa, ila hakuna hukumu ya awali iliyowahi kuwaonya polisi katika kisa kama hicho. Basi wana kinga, hawadaiwi kitu.

"Umeshindwa, Cleo," nilimwambia, nikiona raha kidogo.

"Sasa wameonywa, Tina. Atakayefuata hatashindwa."

Mwaka 2021 mama mmoja wa kaunti jirani alishinda kesi kama hiyo dhidi ya polisi, wakili wake akiisoma hukumu ya dada mahakamani. Jina la Rainey likaingia magazetini tena.

Januari mwaka 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Nilimuuguza mwenyewe. Siku moja nilimuuliza kwa nini hakunitaja.

"Wewe ungenitaja?"

"Ningekutaja."

"Najua. Hebu nisogezee mto."

Alifariki nyumbani kwake tarehe 3 Oktoba, Lucius akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, binti, wajukuu wawili, na mdogo wake mmoja, ambaye anautazama umati huu na kujiuliza ni wangapi watakaokuja kumzika yeye. Bwana ampe dada yetu pumziko la amani.